Ndoo ya Mwisho ya Rangi Nyeupe

Mikono miwili iliishika ndoo moja kwa wakati mmoja. Mmoja ulikuwa na bangili nyembamba na doa la wino kidoleni. Mwingine ulikuwa na saa kubwa ya mkononi na kucha zilizokatwa vizuri. Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, na duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika. Mafundi walibishania misumari, msumeno ulilia huko nyuma, na vumbi la simenti lilikuwa limempa kila mteja mvi kabla ya siku zake.

"Samahani kaka, hii nimeiona mimi kwanza."

"Kuona si kushika, dada yangu."

"Nimeishika pia."

"Umeshika kifuniko. Mimi nimeshika mpini."

Dada alitaka kukasirika, kicheko kikamtoroka. Alivaa gauni la rangi ya chungwa, mikono ameikunja hadi viwikoni, na kilemba cheupe alichokifunga kwa haraka lakini kikakaa utadhani kimepimwa kwa rula. Kijana alivaa shati jeupe lililonyooka kama karatasi mpya, na viatu vya soli nyembamba, viatu vya mtu anayetaka kuisikia klachi kwa unyayo.

"Rangi ya barabarani unaipeleka wapi, mtoto wa kike?"

"Nachora maegesho ya wazee wangu. Wako arobaini na mmoja, wote wananitegemea mimi."

"Mimi nachora uwanja wa wanafunzi wangu wa udereva. Wako ishirini, wote wanagonga."

Wakacheka. Kisha kijana akauliza wazee hao wanahamia wapi, akajibiwa kwamba ni kwenye kile kiwanda cha zamani cha uchapaji, mkabala na duka la vitanda. Kicheko kikamkauka.

"Chenye uwanja kwa nyuma?"

"Hichohicho."

"Huo ni uwanja wangu!"

"Kumbe wewe ndiye yule jirani msumbufu niliyeambiwa!"

"Na wewe ndiye Matroni anayekuja kunipora!"

Muuzaji aliegemea kaunta, jasho linamtiririka. "Jamani, kama uwanja ni mmoja, ndoo moja inatosha. Sogeeni, watu wanangoja."

Ndivyo yalivyoanza: ndoo moja, na jeuri mbili.

Mambo yalikuwa hivi. Kituo cha wazee alichokiongoza Matroni, kama wazee wenyewe walivyomwita, kilikuwa katika nyumba iliyouzwa, na mnunuzi alitaka funguo baada ya wiki sita. Jengo jipya lilipatikana. Lilikuwa na milango mipana, halikuwa na ngazi hata moja, na choo kilikuwa hatua chache tu. Lakini watu wa mtaa ule waliandika barua kwamba magari ya wanaoleta wazee yataziba njia yao. Ofisi ya jiji ikasikiliza pande zote, ikatoa sharti. Zichorwe nafasi kumi na mbili za kuegesha ndani ya uwanja wa nyuma, na afisa aje azihesabu Jumatatu ya wiki ya mwisho. Ikipungua moja, hakuna kibali. Bila kibali, wazee arobaini na mmoja wangerudi kukaa kila mtu kwake, akiutazama ukuta wake hadi jua lizame.

Nusu ya uwanja ilikuwa ya jengo hilo. Nusu ya pili aliikodi Mwalimu, yule kijana wa shati jeupe, na hapo ndipo alipowafundisha watu kurudi nyuma bila kuua koni.

Kabla ya rangi ilibidi kuondoa vyuma chakavu na kuziba mashimo. Wiki zikapita kwa koleo, simenti na simu.

"Halo, jirani msumbufu."

"Halo, mporaji wangu. Umekula?"

"Nimekula. Leo umeziba mashimo mangapi?"

"Manne. La tano nimeliacha makusudi, uje tulizibe wote."

"Una visingizio wewe!"

"Nina shimo, mpenzi. Visingizio viko kwako, wewe unayekuja kila siku kupima uwanja usiobadilika ukubwa."

Neno "mpenzi" lilipita kama gari lisilo na honi. Matroni alilisikia, hakulizuia.

Wazee waliokuja kukagua jengo waliona yote. Mzee Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini na jina hilo akalipata barabarani, alipuliza chai yake akasema kwa sauti ya kusikika: "Mwalimu, unavyomwangalia Matroni, utadhani dereva anaingoja taa nyekundu iwe ya kijani."

"Mzee wangu, mimi natii sheria za barabarani."

"Tii, tii. Petroli inakuishia."

Jioni hiyo Mwalimu, ambaye alijifundisha mwenyewe kutunga, kwa kuhesabu mizani akigonga usukani, alituma ujumbe:

*Nimekuachia rangi, moyoni nipe nafasi.*

Matroni aliusoma akiwa jikoni kwa mama yake. Akausoma tena. Mama alipogeuka, simu ikafichwa chini ya kanga. Baada ya nusu saa likaja jibu:

*Nafasi ina kibali, nenda kapange foleni.*

Mwalimu alicheka peke yake hadi jirani akagonga ukuta.

Jumatano ya wiki ya tano uwanja ulikuwa umekauka. Wawili hao walinyoosha uzi, wakachora kwa chaki nafasi kumi na mbili katika nusu ya jengo, moja baada ya nyingine kama meno. Mwalimu akasema rangi ataipaka yeye, Alhamisi jioni. Matroni akaenda kufunga vikombe kwenye maboksi.

Ijumaa asubuhi alifika na lori la kwanza la viti. Alishuka akiwa anaimba. Wimbo ukamkatikia mdomoni.

Chaki ilikuwa imefutwa. Rangi nyeupe ilimeremeta juani, mistari imenyooka, nafasi zimejaa nusu yote ya jengo. Akahesabu. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili, kwa kidole. Tisa. Nusu ya shule ya udereva ilikuwa kama ilivyokuwa jana, tupu, koni zake zimejipanga.

Alipiga simu mara saba. Simu ililia katika droo ya meza ya Mwalimu, kwa sababu sheria yake tangu afungue shule ilikuwa moja: mkono ukishika usukani, simu hulala drooni, yake na ya mwanafunzi. Siku hiyo alikuwa barabarani na wanafunzi wa mtihani tangu alfajiri. Matroni aliijua sheria hiyo, hata aliwahi kuisifu. Lakini hasira haina kumbukumbu. Mara ya nane akaacha ujumbe wa sauti.

"Mwalimu, nimehesabu mara mbili. Ni tisa. Hukutaka kubanwa upande wako, sivyo? Ungesema tu kwamba uwanja unakuuma, nisingekulaumu. Lakini kunitungia mashairi huku unawafungia wazee wangu mlango! Usinipigie. Usinipigie kabisa."

Mwalimu aliusikia saa kumi jioni, akiwa amesimama, funguo bado ziko shingoni. Pembeni mwa meza ndoo ilikuwa tupu, rola imekauka ndani yake. Alianza kuandika maelezo, akafuta. Akaanza tena, akafuta. "Hakuuliza," alijiambia. "Amehukumu." Na kiburi cha kijana nakijua mimi, ni gari lililotengenezwa bila gia ya kurudi nyuma. Hakupiga. Jumamosi aliwasha gari akaenda hadi upande wa pili wa jiji, akarudi na kitu kizito kwenye buti.

Jumamosi hiyohiyo, kwenye nyumba ya zamani, Matroni alikuwa anafunga sahani kwa magazeti, macho yamevimba.

"Binti yangu," Mzee Breki alisema, "umemwuliza?"

"Hapokei simu, mzee."

"Dereva anayepokea simu njiani, huyo ndiye wa kumwogopa."

"Nafasi ni tisa, mzee. Hesabu haina mapenzi."

"Haina. Lakini mwenye kuhesabu anayo." Mzee akachukua sahani, akaifunga vibaya.

Jumatatu saa tatu asubuhi Matroni aliingia uwanjani amevaa gauni lile la chungwa, ndilo alilolipenda kuliko yote, kama mtu anayevalia msiba wake mwenyewe. Harufu ya rangi mbichi ikampokea. Ng'ambo ya uwanja, kwenye nusu ya shule, pale wanafunzi walipojifunza kurudi nyuma, palikuwa na nafasi tatu mpya. Koni zilizizunguka, na kwenye koni ya mbele kulibandikwa karatasi: *Rangi haijakauka. Za wazee.*

Kabla hajapata la kufikiri, afisa wa jiji aliingia na futi yake ya kupimia, mwanamke mfupi asiyecheka. Akahesabu kumi na mbili. Akapima ya kwanza, akapima ya pili, akanyanyua uso.

"Nani amezichora pana hivi? Sharti letu halikudai upana huu."

Jibu lilikuja kwa gari. Alikuwa Bibi Miwani, mzee kuliko wote kituoni, ameletwa na bintiye. Mlango ulifunguliwa wazi kabisa, hadi mwisho. Fremu yake ya kutembelea ikashushwa, ikasimama kwa miguu yake yote minne ndani ya mstari. Bibi akashika, akavuta pumzi, akasimama. Hakuna aliyembeba. Hakuna aliyemvuta kwapa.

"Tazama!" alisema bibi, amejaa furaha. "Mwalimu ameipata sawasawa."

"Bibi, ameipata nini?"

"Kipimo changu. Hukuwepo Alhamisi. Tulipita kuona mahali, akaniambia, bibi, shuka hapa kwenye chaki tujaribu. Mlango ukagota gari lake alilokuwa ameegesha nafasi ya pili, fremu ikakosa pa kukaa, nikayumba. Akanidaka huyo mtoto. Akafuta mistari yote. Akasema zikiwa pana hapa zitaingia tisa tu, tatu atazitoa kwake. Basi akapaka, akapaka, ndoo ikamwishia kwenye ya tisa. Alikusudia akushangaze."

"Alinishangaza," alisema Matroni.

Afisa alitoa bahasha. "Hii niliikuta ofisini leo. Shule ya udereva inawaachia uwanja wote kila siku hadi saa saba mchana. Sijawahi kuona jirani wa namna hii." Akagonga mhuri juu ya boneti ya gari la bintiye bibi. Wazee walioanza kuwasili wakapiga makofi, na mmoja akapiga honi bila ruhusa ya mwenye gari.

Matroni alichukua simu, akapiga. Mlio ukasikika kupitia dirisha la ofisi ya shule ya udereva, ndani ya droo. Akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akatoka mbio hadi getini, akasimama katikati ya njia.

Gari lenye herufi ya L lilikunja kona. Aliyeliendesha alikuwa mama mshonaji, mwanafunzi wa wiki ya pili.

"Mwalimu, kuna mtu!"

"Breki, mama. Breki! Hiyo ni klachi!"

Gari liliruka mara mbili, likazimika hatua tatu mbele ya gauni la chungwa.

"Shuka," alisema Matroni.

"Nafundisha."

"Shuka tu, Mwalimu," alisema mama mshonaji, mkono kifuani. "Mimi mwenyewe nahitaji kupumua."

Akashuka. Shati jeupe, na doa la rangi kwenye kola.

"Kwa nini hukunieleza?"

"Hukuniuliza."

"Nilikupigia mara saba!"

"Nilikuwa na usukani."

"Najua. Hata siku ile nilijua, nikajifanya sijui. Nimekukosea, nisamehe."

Mwalimu alitazama chini. "Nami nilikuwa na siku tatu za kukupigia, kiburi kikanikaba. Na barua ile nilipaswa kukuonyesha kwanza. Nisamehe na wewe."

"Utafundishia wapi asubuhi?"

"Barabarani. Kurudi nyuma tutarudi mchana." Akaikwangua rangi kwenye kola. "Mama yangu alikaa ndani miaka miwili kabla hajafa. Hakuwa na ugonjwa wa kitanda. Aliona haya kuvutwa kutoka garini mbele za watu. Bibi Miwani alipoyumba, nilimwona mama. Angetokea mtu wa kumpimia mlango, ningemshukuru hadi leo."

"Basi pokea asante," alisema Matroni, machozi yakimtiririka bila aibu. "Hii ya Bibi Miwani. Hii ya Mzee Breki, maana yeye hataitamka. Hii ya mama yako. Na hii yangu, nayo haiishi leo."

"Asante sijui kuibeba. Niko kwenye foleni tangu siku ya ndoo, Matroni."

"Foleni ya nini?"

"Usijifanye. Nataka kuja kwenu na wazee wangu, kwa heshima. Uwe mke wangu."

"Taa ya kijani, kijana!" alipaza sauti Mzee Breki kutoka barazani. "Ondoa gari!"

Uwanja mzima ukacheka. Matroni alifuta macho kwa ncha ya kilemba, akaandika kitu kwenye simu, akakituma. Ndani ya droo mlio mfupi ukasikika.

"Jibu lako liko kule. Malizia somo kwanza."

"Matroni! Huna huruma?"

"Sheria ni sheria, mpenzi."

Mama mshonaji alikuwa ameshawasha gari. Wanasema somo lile lilikuwa fupi kuliko yote aliyowahi kufundisha Mwalimu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekosea indiketa mara mbili. Aliporudi aliingia ofisini bila kuvua funguo, akavuta droo, akasoma, akageukia dirisha. Matroni alikuwa amesimama katikati ya nafasi ya kumi na mbili, rangi bado mbichi, mikono kiunoni, anamngoja.

*Kibali kimeshatoka: egesha, zima injini.*