Maji Yaliyopungua Kwenye Lori

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye dirisha la jikoni, Kasuku alikuwa ameshabandika chai, ameshafagia sebule, na ameshasema maneno ya kutosha kumshibisha mtu bila chakula. Jina hilo alipewa na majirani kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na mama yake alikuwa dereva wa malori.

"Mama, hebu nieleze tena," alisema asubuhi moja huku akipuliza kikombe chake. "Mjomba Taratibu hana leseni ya hapa. Mbona anaendesha? Sisi tukivuka barabara vibaya tu, tunafokewa."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akifunga kamba za viatu vyake vizito, fundo juu ya fundo, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

"Leseni anayo, ya kwao. Ya hapa ndiyo hana. Kiwanda kilichounda lile lori jipya kimemtuma aje alijaribu kwenye joto letu na mteremko wetu, maana kwao ni baridi na nchi tambarare. Akisema asubiri kufanya mtihani wa leseni ya hapa, siku zake za kukaa zitakwisha yuko kwenye foleni. Ndiyo maana ofisi ya barabara imempa msamaha wa leseni."

"Msamaha! Kwani alikosa nini?"

Mama alicheka hadi chai ikamwagikia sahani. "Si msamaha wa kosa, wewe! Amesamehewa mtihani. Lakini una masharti, tena makali. Aendeshe lori hilo tu, kwenye barabara hiyo tu. Dereva mwenyeji akae kando yake, na huyo ndiye mimi. Asibebe abiria wala mzigo wa mtu. Na siku akionekana hana uangalifu, msamaha unafutwa. Yeye anafunga virago, na mimi narudi kukaa hapa nikitazamana na masufuria."

Kasuku alilijua lori lile vizuri. Lilikuwa refu, jeupe, na lilikuwa linalala katika karakana iliyokuwa juu ya mlima, karibu na mtaa wao. Kwa kuwa lori haliwezi kujaribiwa likiwa tupu, na mzigo wa mtu ulikatazwa, walilibebesha maji. Matangi makubwa ya plastiki yalipangwa safu mbili, kulia na kushoto, kila tangi na bomba lake dogo chini. Maji yenyewe yaliletwa kutoka mto wa mbali. Jioni yalimwagwa mtaroni, kwa sababu asubuhi mafundi walitaka kulipima lori likiwa tupu. Kisha yalijazwa mengine.

Mjomba Taratibu naye alikuwa mtu mzima mwenye mvi na mikono mipana. Neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza lilikuwa "taratibu", na alilitamka kwenye kila kona, akijiambia mwenyewe. Watoto walipomchekea, naye aliwachekea.

Siku hiyo walimu walikuwa na kikao, kwa hiyo wanafunzi waliachiwa mapema. Kasuku alimpelekea mama yake chakula cha mchana. Mlinzi wa karakana alimfungulia lango bila swali, maana alimzoea. Lori lilikuwa limeegeshwa ubavu kwa ubavu na uzio wa mabati, tayari kwa safari ya mchana. Mama na Mjomba walikuwa ofisini pamoja na mkaguzi wa barabara, wakizungumzia safari ya siku hiyo.

Akiwa anasubiri, Kasuku alisikia sauti nyuma ya uzio. Alichungulia kwenye tundu la bati. Alimwona jirani yao mshonaji, futi yake ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, amesimama na ndoo kichwani. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wengine wa mtaa. Pampu ya mtaa ilikuwa imeharibika, na walikuwa wakirudi kutoka kuhangaika huku na huko.

"Shikamoo, mama mshonaji! Bado hamjapata maji?"

"Marahaba, Kasuku wangu. Maji tumeyaona, mwanangu, ila yako matopeni. Nguo za watu zimerundikana, na sabuni inanitazama tu."

Kasuku aligeuka akatazama matangi. Maji yote yale! Na jioni yangemwagwa mtaroni kama hayana mwenyewe. Moyo wake ulimwonea huruma mshonaji, lakini si huruma peke yake. Alikwisha kuona namna watu watakavyosema mtaani: kama si Kasuku, tungelala na vumbi.

Mpira wa kuoshea magari ulikuwa umelala chini ya ukuta. Aliuchomeka kwenye bomba la tangi la kwanza na kuupitisha kwenye tundu la bati. Maji yakaenda upande wa pili yakiimba ndani ya ndoo.

"He! Mama yako anajua?" mshonaji aliuliza.

"Ameniruhusu mwenyewe," alijibu Kasuku, na neno lilimtoka jepesi kama unyoya.

"Mungu amzidishie. Haya jamani, leteni ndoo!"

Mpira ulikuwa mfupi. Uliweza kufika kwenye matangi ya upande wa uzio tu, kwa hiyo aliyafungulia hayo, moja baada ya jingine, hadi yakafika nusu. Matangi ya upande wa pili hakuyagusa. Mlango wa ofisi ulipolia, alifunga bomba, akarudisha mpira mahali pake, akakaa juu ya tofali na chakula mapajani, mtoto mwema kabisa.

Mchana ule lori liliteremka mlima, na mkaguzi akalifuata nyuma kwa gari lake. Katika kona ya tatu, ile kali kuliko zote, lori liliinama ghafla upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta. Magurudumu ya nyuma yalitoka nje ya lami, ubavu ukakwaruza kingo za mawe, na matangi yote yakaanguka na kupasuka. Hakuna aliyeumia. Lakini maji yote yalitiririka bondeni, na pamoja nayo ukaenda ushahidi wote.

Mama alirudi nyumbani akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikaa kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Usukani umepimwa, ni mzima," alisema taratibu. "Breki nzima. Mwendo ulikuwa ule ule wa kila siku. Mkaguzi anasema, kama lori ni zima, basi mbovu ni dereva. Kesho asubuhi msamaha unafutwa."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nilikuwa kando yake. Kazi yangu ilikuwa kuona asichokiona. Sikuona kitu."

Kasuku alijiambia kwamba maji ni maji tu, na lori kubwa vile haliwezi kuyumbishwa na ndoo za kufulia. Lakini alikumbuka jinsi ndoo iliyojaa nusu inavyomchezea kichwani, ikimvuta huku na huku, ilhali iliyojaa pomoni hutulia.

Mlango ulibishwa. Alikuwa mshonaji, amekuja kutoa shukrani. Kasuku alimwahi kizingitini na kuurudishia mlango nyuma yake.

"Mama amelala, kichwa kinamgonga. Nitamwambia."

"Mwambie maji yametuokoa, eh? Nguo zote zimekauka."

"Nitamwambia," Kasuku alisema, na uongo wa pili ukakaa juu ya wa kwanza. Usiku ule hakuongea chochote. Mama alimgusa paji la uso mara mbili akidhani ana homa.

Asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, Mjomba Taratibu alipita kuaga. Alivua kofia yake akaishika kifuani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilieleweka.

"Dada, pole sana. Mimi endesha lori tangu kijana. Jana nimefikiri sana. Labda mikono yangu imezeeka. Nikirudi kwetu, nitasema: basi, sitaendesha tena."

"Usiseme hivyo, kaka," mama alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Kasuku aliitazama mikono ile. Ilikuwa imekaa juu ya kofia, imetulia, mizima kabisa. Na Mjomba mwenyewe alikuwa akiishitaki mbele ya watu, kwa kosa ambalo haikulifanya. Kumwona mtu akijitwika kosa lako ni kuzito kuliko kulibeba mwenyewe.

"Si mikono yako!" alilia. "Ni mimi. Nilitoa maji. Ya upande wa uzio. Nilitoa nusu, nikawapa watu, nikasema mama ameruhusu."

Pale jikoni chai ilichemka ikamwagikia jiko. Mama hakumpiga wala hakumfokea. Aliuzima moto, akamwinamia mwanawe usoni.

"Matangi yote ya upande ule?"

"Yote, mama."

"Vaa viatu. Twende sote."

Ofisi ya mkaguzi ilikuwa chumba chembamba chenye meza iliyoshikiliwa mguu mmoja kwa kipande cha tofali. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho, mikono kifuani. Kisha akatikisa kichwa.

"Mama, nakuheshimu. Lakini tazama hapa: maji yamekwisha mwagika, hakuna wa kuyapima. Leo anakuja mtoto wa dereva na hadithi inayomwokoa dereva. Ungekuwa wewe, ungeamini?"

Kasuku alikuwa amedhani kusema kweli ndilo jambo gumu. Kumbe gumu zaidi ni kusema kweli na usiaminiwe.

"Waite walioteka," mkaguzi alisema. "Wakisema ulivyosema, nitaamini."

Hapo Kasuku alielewa gharama yenyewe. Wanawake wale wote walimsifu mtaani. Sasa angewaambia kwamba aliwadanganya, kwamba maji waliyofulia yalikuwa ya kuiba. Alimtazama mama. Mama alitazama dirishani, kwa maana ile haikuwa njia ya kupitiwa na mtu mwingine.

Alikwenda mwenyewe. Alimkuta mshonaji kwenye cherehani, akaweka maneno yake yote mbele yake bila kuyapamba. Mshonaji alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Kwa hiyo jana mama yako hakuwa amelala."

"Hakuwa amelala."

"Umenifanya mwizi na sina habari!" Mshonaji alivuta pumzi, kisha akaitoa futi shingoni na kuitundika kwenye msumari. "Haya, tangulia. Tukamtoe mgeni wa watu kwenye aibu. Wewe tutaonana baadaye."

Alikwenda yeye na wenzake watatu, mmoja akiwa na povu la sabuni mikononi. Kila mmoja alieleza ndoo alizoteka, na Kasuku akataja matangi aliyoyafungulia. Mkaguzi alichora matangi kwenye kipande cha karatasi, akayafuta nusu upande mmoja, akakaa akitazama.

"Tangi lililojaa limetulia," alisema hatimaye. "Lililojaa nusu, maji yake hukimbilia upande lori linakolalia. Pale kwenye kona yalikimbia yote kwa pamoja. Kwa hali ile, dereva mwingine angelitupa lori zima bondeni. Huyu amelirudisha barabarani." Alisimama na kumpa Mjomba mkono. "Nilikuhukumu haraka. Samahani."

Mjomba Taratibu alitafsiriwa maneno hayo, akakaa chini ghafla, akajifuta macho kwa kofia. Mama naye hakunyamaza.

"Na mimi nina langu," alisema. "Nilikagua mzigo asubuhi, lakini lori liliposimama mchana sikukagua tena. Dereva hukagua kila anaposimama. Hilo liandikwe pia."

Mkaguzi aliandika. Msamaha haukufutwa, ila uliongezewa sharti: mabomba ya matangi yafungwe kwa kufuli, na mzigo ukaguliwe upya kila lori litakaposimama. Kasuku alipewa adhabu na mama yake ya kusaidia kuosha matangi mapya kila Jumamosi hadi majaribio yaishe. Tena alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wengine walimsamehe hapo hapo. Mshonaji alimpa kwanza kapu la vifungo avichambue kwa rangi.

Mjomba ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza. Kama maji yanamwagwa jioni, kwa nini yasimwagwe kwenye ndoo za watu? Mkaguzi alikuna kidevu. Lori likisharudi na likishazimwa, alisema, hakuna sharti linalokataza. Tangu siku hiyo lango la nyuma la karakana lilifunguliwa kila jioni, watu wakapanga foleni bila kujificha, hadi pampu ya mtaa ikatengenezwa.

Jumamosi moja, Kasuku akiwa na brashi ndani ya tangi, mama alikuja akaegemea gurudumu.

"Mama," Kasuku alisema, sauti yake ikirudi kwa mwangwi, "kumbe ningeomba tu, wangenipa."

"Wangekupa. Lakini sikiliza, mwanangu, maana hili ni kubwa kuliko maji. Yule mgeni aliruhusiwa kuendesha bila mtihani wa hapa. Unadhani sheria ilikuwa imelala? Haikulala. Watu walisema: hatukujui, lakini tutakuamini, mradi kila mmoja ashike lake. Mkaguzi ashike lake, mimi langu, mlinzi lake. Hata wewe uliyepitishwa langoni bila swali ulikuwa umeaminiwa. Ruhusa ya namna hiyo ni kama mzigo uliogawanywa sawasawa. Mmoja akipunguza upande wake kwa siri, hata kwa nia njema, anayeangushwa ni mwingine."

Kasuku alitoa kichwa nje ya tangi, nywele zikidondosha maji.

"Na nikishapunguza?"

"Sema mapema," mama alisema, akampa kitambaa cha kujifutia. "Sema kabla lori halijafika kwenye kona."