Ikigonga, Nyamaza

Kisa hiki kilimpata jirani yetu, mtu mzima mwenye akili zake timamu, asiyekunywa wala kuvuta, kwa hiyo wale wanaopenda kusema "labda alikuwa amelewa" wakatafute neno jingine. Mtaani tulimwita Sikio. Kazi yake ilikuwa kujaribu magari. Ukitaka kununua gari lililotumika na humwamini muuzaji, unamkabidhi Sikio alizungushe nusu siku, kisha unapata karatasi mbili zilizochapwa vizuri, zenye ukweli wote, hata ule usioutaka.

Jina hilo alilipata kwa haki. Hakuwa na haja ya kufungua boneti. Aliendesha huku akizungumza na gari kama daktari na mgonjwa wake. Shokapu ikilia, alisema, "Nimekusikia, mama, ni goti hilo." Gia ikikwaruza, alisema, "Pole, pole, taratibu." Kila mlio aliujibu. Simu yake ilikaa kwenye dashibodi ikimrekodi, na jioni binti yake alivaa vipokea sauti, akachapa maneno yote ya baba yake, akiondoa matani na kuacha ubovu.

Huyo binti alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndiye mtoto pekee. Wiki hiyo mama yake alikuwa amekwenda kumuuguza bibi, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, na Sikio alikuwa kila saa anapiga simu kuuliza kama amekula. Binti alikuwa amechapa habari za magari arobaini bila kupanda hata moja. Basi Jumamosi ile baba yake aliposema kwamba gari la leo lina viti viwili tu, paa linakunjwa, na injini imekaa nyuma ya viti, akaweka kikombe chini.

"Baba, hili nakwenda."

"Utakwenda. Lakini acha kwanza nilijaribu peke yangu. Saa sita nikukute kwenye tangi la maji. Funga kitambaa kichwani, kuna upepo huko."

Kwenye gereji, Sikio alilikuta gari limeshatolewa nje. Lilikuwa la rangi ya majivu, limelala chini kiasi kwamba ukisimama kando yake paa linakufika kiunoni. Fundi aliyelileta, mtu mwembamba asiye na mzaha, alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, na aliifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Limewahi kugonga?" Sikio aliuliza. Ndilo swali lake la kwanza kwa kila gari.

"Pua imepakwa rangi upya," fundi alisema.

"Hilo naliona. Na injini je? Inagonga?"

"Ikigonga, nyamaza."

"Vipi?"

"Nyamaza tu, mzee. Nakujua wewe. Usiijibu."

Sikio akacheka. Alishazoea kutaniwa kuhusu maongezi yake na magari, hata mkewe alikuwa akimwuliza kama magari yanamsalimu. Akajishusha ndani, akawasha, akaondoka.

Dakika ishirini za kwanza zilikuwa raha tupu, na Sikio hakuificha. "Unakaa chini sana," aliiambia simu, "kitako kiko karibu na lami. Injini iko mgongoni, kati ya viti na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo pua haina uzito na usukani ni mwepesi. Ukiiambia kona, inakata kona. Haiyumbi, haibishani. Breki zinashika bila kushtuka. Mizigo sahau, sanduku moja dogo mbele, basi."

Nje ya mji akabonyeza kitufe. Paa likajikunja na kujilaza nyuma, jua likamwangukia kichwani. Upepo ulipita juu bila kumpiga usoni. Akapanda hadi gia ya tatu, akakanyaga, na sauti ikamjia mwili mzima.

"Kwenye gari la kawaida," alisema, "injini inakusemesha kutoka mbele, mnatazamana. Hii inakusemesha kisogoni. Ni tamu, lakini itabidi mtu aizoee." Akatabasamu peke yake. "Na wewe unayechapa, jiandae. Saa sita nakupitia pale kwenye tangi la maji. Nyumba yetu yenyewe iko nyuma yake tu, mlango wa kijani, hata kuchelewa hatuchelewi." Alisema yote hayo kwa sauti, kama kawaida yake.

Barabara ikaanza kuteremka kati ya mashamba. Hakukuwa na gari jingine. Sikio akaondoa mguu kwenye mafuta ili asikilize injini ikipumua.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilitoka nyuma ya kichwa chake. Mara tatu, kisha kimya. Kisha tena mara tatu.

Sasa, injini inayogonga hugonga kwa kufuata mzunguko wake. Ukipunguza mwendo, nayo inapunguza. Hii haikufuata chochote. Ilikuwa na subira. Sikio lake lilimwambia hivyo papo hapo, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia, maana alikuwa na furaha na utani ulikuwa karibu, na kila mmoja wetu akigongewa akiwa ndani hutamka neno lile lile bila kufikiri.

"Karibu!" alisema.

Kugonga kukakoma.

Gari likazama kidogo upande wa abiria. Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu, ile ya kukumbusha kwamba aliyekaa hajafunga mkanda. Ikaanza kulia. Ti. Ti. Ti.

Sikio akageuza macho. Kiti kilikuwa kitupu. Ila ngozi yake ilikuwa imebonyea.

"Waya," aliiambia simu. "Waya wa kiti una hitilafu." Akanyoosha mkono akagusa. Jua la saa tano lilikuwa limechoma kila kitu ndani ya gari lile, hata usukani ulikuwa wa moto. Kiti kilikuwa baridi.

Akaingia kwenye kona, na gari lililokuwa halibishani likabisha. "Uzito umehamia kwa abiria," alisema, maana mazoea ni mazoea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kilo hamsini. Hapana. Sitini."

Kha.

Taa ikazimika. Sikio hakutaka kutazama. Akatazama. Mkanda ulikuwa umefungwa. Haukulala juu ya kiti. Ulikuwa umepita hewani, umetuna mbele, kama unavyokaa juu ya kifua cha mtu.

Akasimamisha gari pembeni. Akashuka bila kufunga mlango, akaichukua simu, akasogea hatua kumi na kumpigia fundi. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba hajawahi kuogopa vile maishani mwake.

"Umeijibu," fundi alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimesema karibu."

Fundi akazungumza chini chini, haraka, kama mtu anayeficha maneno yake kwa aliye chumba cha pili. Mwenye gari wa kwanza alimgonga mama mmoja aliyekuwa anavuka. Mchana, paa likiwa wazi. Pua ya gari iko chini, ikampiga miguuni. Akaruka juu ya kioo, akapita juu ya viti, akaangukia nyuma, juu ya kifuniko cha injini.

"Jamaa hakusimama," fundi alisema. "Na yule mama alikuwa hai. Akawa anagonga kifuniko. Anagonga pale pale, nyuma ya kichwa cha dereva. Jamaa akaongeza muziki."

"Akaenda naye umbali gani?"

"Mpaka kugonga kulipokoma."

Sikio akaketi chini kwenye majani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniamini? Nilikuambia nyamaza. Wengine wote walinyamaza, wakalirudisha salama." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Umemkaribisha, sasa ni mgeni wako, huwezi kumfukuza. Msindikize. Kwa miguu, umuage kwa heshima. Gari lisifike kwako naye akiwa ndani. Hujamtajia kwako ni wapi, sivyo?"

Sikio akakumbuka aliyoiambia simu. Kwenye tangi la maji, nyuma yake tu, mlango wa kijani. Binti yake alikuwa pale wakati ule, au anafunga kitambaa aende. Akakata simu, akampigia. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Ikaita hadi ikakatika.

Akarudi kwenye gari. Akafungua mlango wa abiria, akainamisha kichwa.

"Twende nikusindikize, mama."

Mkanda ukafunguka. Gari likainuka.

Alitembea pembezoni mwa barabara, mikono nyuma, mwendo wa mtu aliye na mkubwa wake. Yeye aliyekuwa anasikia nati ikilegea hakusikia hatua yoyote isipokuwa zake. Hakugeuka. Alihesabu nguzo za umeme, na kwenye ya nne akasimama.

"Basi, mama, mimi niishie hapa," alisema. "Yaliyokupata ni makubwa. Pole sana. Safari njema."

Hakuna kilichojibu. Majani yalisimama wima, upepo haukuwepo. Sikio akageuka akarudi. Hakujua ni wapi alipoanza kukimbia. Gari lilikuwa jepesi, taa haikuwaka, kiti kilikuwa kimejaa upepo na vumbi kama kiti chochote. Aliendesha kwa dakika tisa njia ambayo mtu hutembea saa nzima, na kila kona gari lilikata alivyotaka. Alilia kwa shukrani, mtu mzima yule.

Binti yake alikuwa kwenye tangi la maji, kitambaa kichwani, anapunga mkono. Mzima. Sikio akafunga breki, akashuka, akamshika mabega, akamtazama kama anamkagua.

"Mbona hupokei simu?"

"Nimeiacha ndani, baba, niliogopa isije ikapeperushwa na upepo. Mbona umechelewa hivi? Mgeni wako kafika zamani."

"Mgeni gani?"

"Si yule mama." Binti alishangaa kwa namna baba yake alivyomshika. "Kasema umemsindikiza ukaishia njiani, akamalizia mwenyewe. Maskini, anatembea kwa shida, ana kiatu kimoja. Nilitaka kumchukulia maji, akasema atakunywa akifika."

"Akifika wapi?" Sikio alinong'ona.

"Nyumbani. Nimemwambia karibu nyumbani, mama, mlango wa kijani, pumzika hapo kibarazani. Nimekosea?"

Hakuwa amekosea. Ndivyo alivyolelewa, na aliyemlea ni huyu huyu aliyesimama mbele yake.

"Ufunguo uko wapi?"

Binti akafungua kiganja. Ufunguo ulikuwa hapo.

Sikio akaliacha gari pale pale, likinguruma, milango wazi. Akamshika binti mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa na miaka sita, wakazunguka tangi. Kibaraza kilikuwa kitupu. Kufuli lilikuwa mahali pake, limefungwa. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mbele ya mlango, juu ya mkeka wa kufutia miguu, kulikuwa na kiatu kimoja cha kike, cheusi, kisigino kimeliwa upande. Kilikuwa kimevuliwa vizuri, ncha ikielekea ndani.

Binti akafungua mdomo. Sikio akauziba kwa mkono wake.

Wakasimama hivyo. Ndani, kiti kikaburutwa. Maji yakamiminwa kwenye glasi. Kisha sauti ya mama mtu mzima, ya upole, isiyo na haraka, ikawaambia kutoka ndani ya nyumba yao wenyewe:

"Karibuni."

Hawakuitika. Hilo tu ndilo lililowaokoa, nami naamini hivyo mpaka leo. Walirudi kinyumenyume hadi barabarani, wakaja kwetu, wakalala sebuleni kwetu siku kumi, Sikio akiwa amekaa kati ya binti yake na mlango. Gari fundi alikuja kulichukua mwenyewe, kwa kulivuta. Mnunuzi alipewa karatasi moja badala ya mbili, yenye neno moja: Usinunue. Mama alipotoka kumuuguza bibi alipokelewa kituoni akapelekwa moja kwa moja kwenye nyumba nyingine, mtaa wa mbali, bila chombo hata kimoja cha ile ya zamani. Binti sasa ni mtu mzima, ana kazi yake nzuri. Akigongewa mlango, hunyamaza mpaka aliye nje ataje jina lake.

Ile nyumba mimi naipita kila siku nikienda kazini. Hakuna aliyeingia tangu wakati ule. Kufuli limeota kutu mpaka limekuwa jekundu, na buibui wamefunga dirisha lote. Lakini kibaraza kimefagiwa. Kila asubuhi kimefagiwa, na mistari ya ufagio bado mibichi.