Mpira Uliogusa Wavu

Wananchi, simameni! Nina heshima ya kuwatangazia mapenzi mazito kuliko yote yaliyowahi kuota Kariakoo. Yalianzia kwenye mfuko wa karanga. Mnaweza kukaa.

Nyuma ya duka la vitenge la kaka yangu Abdulswamad kuna meza ya kuchezea mpira wa meza, wavu wake mtandio wa zamani. Jioni moja kaka alipiga kwa maringo, mpira ukatoka hadi barabarani na kutumbukia kwenye mfuko wa karanga wa dada mmoja aliyevaa baibui jeusi na raba nyeupe.

"Kaka, siku hizi karanga zinataga?"

"Huo chukua bure, mrembo. Mwenyewe ndiye ghali."

"Ghali, na kupiga hajui?"

Huyo ndiye Badria, wa ghorofani Mchafukoge. Akawa anapita kila jioni. Simu zikaanza.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula, mpenzi, ila sijashiba bila sauti yako."

(Nilikuwa chumba cha pili. Kuta ni nyembamba, na kaka huweka spika.)

Sheria za mchezo hakuna kati yao aliyezijua. Mimi Husna, niliyekuja likizo kutoka bweni, ambako tunaucheza, nikajipa ualimu, nikamfundisha kila mmoja peke yake. Badria nilimwambia kweli: ukianzisha, mpira ukagusa wavu ukavuka, unarudiwa. Kaka nikamwambia, "Hiyo ni pointi yako." Nilitaka kucheka tu.

Wakawekeana ahadi: kaka akishinda, atume wazee wapeleke posa. Akishindwa, asubiri mwakani.

"Nitacheza kweli, wifi," Badria alininong'oneza, "lakini niombee nishindwe."

Kumi kwa tisa, kaka anaongoza, amebakiza pointi moja. Akaanzisha. Mpira ukagusa mtandio, ukadondokea upande wa Badria.

"Nimeshinda! Wazee wavae kanzu!"

"Umegusa wavu. Rudia."

"Nirudie nini? Pointi hiyo!"

"Swamadi, unaniibia mchana kweupe? Kama hata posa unaitafuta kwa dhuluma, nikishaingia ndani itakuwaje?"

"Sema hunitaki, unatafuta sababu!"

Neno langu moja lingetosha. Nikaangalia ndala zangu. Badria akaondoka na raketi mkononi.

Kaka akaacha kuimba akikunja vitenge. Ubwabwa akausukuma kwangu, nami nikaurudisha jikoni. Nikampigia Badria.

"Wifi..."

"Usiniite wifi."

Ijumaa alikuja kurudisha raketi. Nikajificha nyuma ya robota la vitenge.

"Shika kitu chako," alisema, macho mekundu. "Ila niambie, sheria ile alikufundisha nani?"

"Husna. Na wewe?"

"Husna huyo huyo." Robota likatikisika, maana nilikuwa nanyata kutoroka.

"Toka huko!" kaka akanguruma.

Nikatoka. "Dada Badria alikuwa sahihi. Kaka hakuiba, alidanganywa. Mwizi ni mimi. Nisameheni."

Wakatazamana. Kaka ndiye aliyeanza kucheka, huku anajifuta macho.

"Basi unarudiwa," alisema Badria. "Husna, uwe mwamuzi, na Mungu anakuona."

Kaka akaanzisha. Mpira ukapita nje ya meza, waziwazi kabisa.

"Ndani!" nikatangaza. "Kaka kashinda!"

Badria akauokota, akanikazia macho. "Husna. Ulikuwa wapi huu?"

Nikainamisha kichwa. "Nje, dada."

"Dada nani?" Akautia mpira ndani ya mkoba wake. "Niite wifi."