Faili ya Juu Kabisa

Haya yalimpata rafiki yangu Tima, mwenye duka la kupiga chapa kule Mtopanga, na ameniapia wallahi hakuongeza neno.

Ilikuwa adhuhuri ya mvua kubwa. Umeme ulikatika, mlango ulirudishwa, duka likawa giza. Kompyuta pekee ndiyo iliyowaka, kwa betri. Maalim Mwinyihaji alifuata barua ya madrasa waliyoiandika jana yake.

"Ngoja, maalim, naipata sasa hivi."

Tima akabonyeza alama iliyo chini ya skrini, ikafunguka orodha ya faili zilizotumika karibuni. Ya juu kabisa ilikuwa ya sauti, naye hakuijua. Akaifungua.

Kwenye spika mlango ulisikika ukivunjwa, kisha panga likitua kwenye nyama, likinyanyuka, likitua tena. Mwanamume akalia, "Mwaniua! Nimewakosea nini?"

Maalim alisimama, mkono shingoni. "Tima, hiyo ni sauti yangu."

Tima alijaribu kuizima, isizimike. Kilio kikageuka mkoromo, halafu kimya. Ndipo akasema mwanamke, taratibu, kwa sauti ile ile Tima anayowakaribishia wateja:

"Bado apumua. Nipeni hilo panga."