Spika Mbili za Kulwa na Doto

Habari hii alinisimulia Nkwimba mwenyewe, mama yake Minza, mwaka ule daraja la ziwani lilipofungwa kwa matengenezo. Tulikuwa tumekaa jikoni kwa jirani tunamenya karanga za harusi. Alisema taratibu, mikono ikiendelea na kazi, nami nitaieleza kama nilivyoipokea.

Anasema mambo yenyewe yalianzia harusini vilevile, katika ukumbi mkubwa wa juu ya mwamba, kule Isamilo. Watu wamejaa, wanacheza, na ukumbi uko kimya. Mgeni asiyejua angedhani ameingia kwa watu waliochanganyikiwa. Bibi wa upande wa bwana harusi anatikisa mabega kwa ngoma ya kwao, vijana wanarukaruka kwa muziki wao, bibi harusi anafuta machozi kwa wimbo anaousikia yeye tu. Kila mtu na wimbo wake kichwani. Hewani kilichosikika ni viatu vikikwaruza sakafu, kama kuku wanaochakura uwanjani.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya punje. Punje ni kifaa kidogo kama mbegu ya mtama, kinapandikizwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Sauti haipiti hewani. Mfupa unatetema, wewe peke yako unasikia. Mwenzake ni kibandiko cha koo, chembamba kama ngozi ya kitunguu. Ukitaka kusema unachezesha midomo na ulimi tu, bila kutoa pumzi. Kibandiko kinaisoma misuli ya koo, na mwenzako anayapata maneno kwenye punje yake, kwa sauti yako wewe, ila imesafishwa. Haina mafua, haina kigugumizi, haina hata ule mkwaruzo wa asubuhi. Huo usafishaji aliubuni Nkwimba. Alikuwa mhandisi katika kiwanda cha punje, na walimheshimu kwa hilo.

Mwanza nzima ikatulia. Honi zikaisha, wapiga debe wakaisha, kelele za baa zikaisha. Wagonjwa wakalala. Tulishukuru, tusiseme uongo.

Watoto hawapandikizwi punje mpaka wafike miaka sita, mfupa uwe umekomaa. Minza alikuwa na miaka miwili na nusu. Siku hiyo ya harusi alijikalia chini ya meza anatazama miguu ya watu. Shangazi mmoja akamwinamia, akamuuliza jina lake kwa midomo, kama tulivyozoea. Minza naye akamjibu kwa midomo. Aliichezesha vizuri, akainua nyusi, akatikisa kichwa, mtu mzima kabisa. Waliokuwa karibu wakafurahi, wakasema mtoto wa mhandisi amepewa punje mapema. Shangazi akapeleka kidole kwenye koo la mtoto kutafuta kibandiko. Hakukuta kitu. Akabaki ameshika koo tupu, akimtazama Nkwimba.

Hapo ndipo Nkwimba alipojiuliza ni lini alimsikia Minza akitamka neno. Akatafuta kichwani, asiipate siku hiyo.

Yeye na mumewe wakampeleka mtoto kwa daktari, naye akapima masikio akakuta mazima, akapima koo akakuta zima. Kisha akauliza, tena kwa sauti ya mdomo mpaka wote wawili wakashtuka: "Nyumbani kwenu nani anaongea?"

Nkwimba na mumewe Magesa wakatazamana. Magesa alikuwa fundi wa vibanda vya waya, vile vinavyobeba watu juu ya miamba, na kutwa alikuwa akizungumza na mafundi wenzake kwa kibandiko. Nyumbani vilevile. Mtoto alikuwa ameona midomo tu tangu azaliwe, akaiga alichokiona. Daktari akawaeleza kwamba akili ya mtoto ina mlango wa lugha, na mlango huo haukai wazi siku zote. Minza alihitaji sauti hewani, ndani ya nyumba, kila siku, na hasa kabla hajafikisha miaka mitatu. Akipita hapo, hata punje haitamfaa, kwa sababu itamletea maneno ambayo hajui kuyafungua.

Walijaribu. Nkwimba anasema sauti yake ilitoka kama bawaba yenye kutu. Alimwambia mtoto, hiki ni kijiko, hiki ni kikombe, kisha akakosa la kuendelea nalo, akaona aibu kujisikia. Magesa aliongea kidogo akakohoa jioni nzima. Ulimi usiotumika huwa mzito kama mguu uliokaliwa. Basi Nkwimba akafanya ambalo mhandisi angelifanya: akatafuta chombo cha kuifanya kazi hiyo badala yake.

Alizitaka spika. Za kutoa sauti hewani, kama za zama za babu yake. Kiwandani hakuna aliyezitengeneza tena. Kubwa za viwanjani hakuzitaka, maana jengo lao lilikuwa na kipima kelele ukutani na majirani wepesi wa kushtaki. Alitaka zile ndogo za kukaa rafuni, za mbao, zenye wufa moja ya besi na tuita moja ya sauti nyembamba. Tena alizitaka mbili zilizotoka pamoja, zinazotoa sauti ya namna moja, ili mtoto aisikie kushoto na kulia, ajifunze kugeuza kichwa kuifuata.

Vitu kama hivyo viko soko la vikuukuu tu, nyuma ya karakana ya zamani ya meli. Huko watu hawana punje. Ni ghali, na vumbi la chuma linaharibu vibandiko. Kwa hiyo huko watu wanapiga kelele kama zamani. Nkwimba alikuwa akienda kila Jumamosi, mtoto mgongoni kwenye kanga, kichwa kikimuuma kwa makelele.

Alijifunza mengi. Aliona spika nzuri kwa nje, ukiigusa sponji ya pembeni mwa wufa inamong'onyoka kama mkate mkavu. Aliona nyingine ambayo tuita yake ilibonyezwa na kidole cha mtoto miaka hiyo, ikabaki na kishimo. Moja ilikuwa maskani ya mende, ukoo mzima. Nyingine ilikuwa sanduku la mbao zuri ajabu, ndani hamna kitu. Mwenyewe alikuwa akiatamishia kuku, na aliiuza pamoja na kuku.

Kisha akaipata moja kwa mfanyabiashara anayeitwa Kulwa. Ndogo, mbao zake rangi ya kahawia, kitambaa cha mbele hakijachanika, nembo imefutika. Nkwimba aliibonyeza wufa polepole kwa vidole vya mikono yote miwili, asisikie mkwaruzo. Akagusisha waya zake kwenye betri. Ikasema "pu." Minza mgongoni akashtuka, kisha akanyoosha mkono.

Nkwimba akauliza iko wapi ya pili.

"Pacha wake yuko kwa pacha wangu," Kulwa akamwambia, akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa jabali lililosimama katikati ya soko.

Nkwimba akapatana naye bei, akalipa, akaitia spika kwenye kikapu, akazunguka jabali. Doto alikuwa amekaa na spika ya pili miguuni, sura ileile ya Kulwa, kofia tu ndiyo tofauti. Akakitazama kikapu.

"Umeanzia wapi, dada?"

"Kwa kaka yako."

Doto akachukua gunia, akaifunika spika yake taratibu, kama mtu anayefunika chungu cha mboga. "Basi endelea hukohuko," akasema.

Nkwimba ni Msukuma, amelelewa na bibi yake, na jambo hili alilijua tangu akiwa mtoto. Pacha hupewa sawa, tena kwa wakati mmoja. Ukimpa Kulwa muwa, Doto asibaki anatazama. Ukimsalimia mmoja, umewasalimia wote wawili, na kama mwingine hayupo unamwita. Hakuna asiyejua. Lakini miaka ya punje ilikuwa imemzoesha kusema na mtu mmoja mmoja, mwingine asisikie, na alikuwa ameyafanya hayo mbele ya watu wa soko zima.

Kulwa akapiga kelele kutoka upande wake, akimwambia Doto ampe dada mzigo wake, aache kununa kama mwali. Doto akajibu kwamba hawezi kumalizia biashara ambayo hakuianza. Kulwa akaja. Wakasimama huku na huku, Nkwimba katikati.

"Umeuza nusu ya kitu," Doto akasema.

"Nimeuza nusu yangu."

"Mwongo wewe. Tulipofungua robota tulisema haitoki moja bila nyingine."

"Mwongo ni wewe. Ulisema hivyo ukiwa umelewa togwa."

"Togwa inalewesha?"

"Wewe hata chai inakulewesha."

"Mwongo mkubwa. Ulinitangulia kidogo tu tumboni kwa mama, ukaanza uongo hukohuko."

Watu wakacheka, wengine wakaongeza lao. Yakaenda hivyo muda mrefu. Nkwimba alihisi kichwa cha mtoto kikimgonga bega la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto. Akadhani jua linamsumbua, akamfunika na upindo wa kanga. Minza akauvuta akautupa.

Mwisho Kulwa ndiye aliyetoa hukumu. Dada arudishe spika, arudishiwe fedha, atoke mpaka getini, aingie upya kama mtu ambaye hajawahi kuwaona. Nkwimba akatoka. Mhandisi mzima, na kikapu kitupu, soko likimtazama. Akaingia upya. Akasimama mbele ya jabali, palipo katikati, akawasalimia Kisukuma kwa sauti, "Mwangaluka, Kulwa na Doto." Wakaitikia pamoja. Akanyoosha mikono miwili yenye fedha, kila mkono kwa mtu wake, nao wakamkabidhi spika kwa pamoja.

"Sasa umenunua," Doto akasema, na akamwonya asije akaruhusu mtu abonyeze sponji kwa kidole kimoja.

Nyumbani Magesa alizipanga rafuni. Nkwimba alitengeneza kikuza sauti, akachagua kiwandani sauti ya mama mmoja msomaji wa hadithi za watoto, akaisafisha mpaka ikang'aa. Sauti ikajaa chumba. Nkwimba anasema yeye mwenyewe alikaa chini akasikiliza, kwa jinsi ilivyokuwa nzuri. Minza alipapasa kitambaa, akazunguka nyuma ya sanduku kumtafuta mtu, akakuta waya. Akarudi kwenye kijiko chake.

Siku zikapita. Nkwimba akazisogeza, akaziinua, akazishusha, akabadilisha msomaji. Hadithi ziliendelea kusomwa hata mtoto akiwa ameondoka chumbani. Sanduku halikumgojea mtu. Minza akaizoea sauti kama tunavyozoea upepo. Miaka mitatu ilikuwa inakaribia, na mtoto bado anachezesha midomo mitupu. Nkwimba akaacha kula vizuri.

Jioni moja alirudi kazini akakuta spika ya kushoto inakoroma. Akatoa kitambaa, sponji imechanika, pana alama ya kidole. Akamuuliza Magesa kwa kibandiko. Magesa akakana kwa kibandiko. Midomo ikaenda kasi, mikono ikaenda kasi, wakagombana vizuri sana, na chumba kimya. Ndipo Nkwimba alipotazama chini. Minza alikuwa mkekani na sahani yake ya ugali, uso umeinuliwa kwao, amekunja ndita. Naye alikuwa akigombana. Midomo yake ilikwenda kasi kama yao, haitoki hata pumzi.

Nkwimba akashika kibandiko cha koo akakibandua. Ngozi ikavutika ikamuuma.

"Magesa," akasema kwa mdomo, sauti imekwaruza. "Ni wewe uliyeibonyeza."

 Magesa naye akabandua chake. "Sijaigusa."

"Umeigusa. Kidole hiki hapa."

"Hicho ni cha mtoto."

"Mtoto ana kidole kinene hivyo?"

"Basi ni cha kwako, wewe ndiye unazihamishahamisha kila siku."

Minza akamtazama mama. Akamtazama baba. Akamtazama mama tena, akaweka tonge chini. Halafu ikatoka sauti ambayo hawakuwahi kuisikia, nzito kidogo, haijui ukubwa wake, ikimwelekea baba.

"Mwongo wewe."

 Nkwimba anasema alitaka kumnyakua amkumbatie, lakini kitu kikamwambia wakinyamaza, naye atanyamaza. Akajikaza, akasema, "Umesikia, baba Minza. Hata mtoto anajua."

Magesa machozi yalikuwa yanamtoka, lakini akaelewa. "Mwongo ni mama yako huyo," akasema.

Minza akageuka. "Mama mwongo," akasema. Akalionja tena. "Mwongo mkubwa." Na akacheka, na kicheko nacho kilikuwa na sauti.

Wakagombana jioni ile yote. Waligombana kuhusu spika, wakaenda kwenye chumvi ya mboga, wakafika mpaka kwa mahari, na kila walipopoa Minza aliwasukuma waendelee. Kipima kelele ukutani kikageuka chekundu. Jirani akagonga mlango, akakuta watu wazima wawili na mtoto wanaitana waongo kwa kicheko, akaondoka akilipapasa koo lake.

Spika ile mpaka tunamenya karanga ilikuwa haijatengenezwa. Nilimuuliza nani hasa aliibonyeza, akasema yeye hajui na Magesa hajui, na kila mmoja anamshuku mwenzake.

Usiku ule Minza alisinzia palepale mkekani, ugali mkononi. Magesa akamfuta, akambeba kitandani, akakaa pembeni yake akimweleza jinsi waya wa kibanda unavyopakwa grisi, polepole, maneno yakipungua, mpaka naye akalala na viatu vyake. Nkwimba akabaki macho. Koo lilikuwa linamuuma, lakini hakutaka chumba kirudie ukimya wake. Akaendelea kuwasemesha hivyohivyo walivyolala, kwamba maharage yalowekwe kesho, kwamba shangazi yake aliwahi kufuga mbuzi mkorofi aliyekula barua ya posa, na mwenye barua alipokuja kuulizia jibu, shangazi akamwambia... Hapo naye usingizi ukamchukua.