Ngumi ya Costel

Mnanichosha na kisa hiki, lakini haya. Brenna, mwanafunzi wa tiba ya viungo, alitoka Marekani kujitolea kwenye makao ya yatima wetu hapa mjini Iași. Kazi yake kubwa ilikuwa kukanda ngumi ya kichanga Costel, isiyokunjuka, kila siku, isije ikakakamaa milele.

“Binti, umemkanda?” rafiki yangu Safta, mlezi wao, alimuuliza Brenna.

“Nimemkanda, bibi.”

“Kwa macho au kwa mikono?”

Siku tatu Brenna alidanganya hivyo, akichezea simu. Ya nne, giza la theluji limeshaingia, umeme ukakatika. Watoto walikuwa wakigonga vichwa kwenye nondo za vitanda, kama kawaida yao. Ghafla wakanyamaza wote. Kutoka kitanda cha Costel, vidole vitano vilivyonyooka vikampapasa Brenna mkono.

Kwao Marekani, hadi leo, mama yake Brenna humkunjua bintiye ngumi ya mkono ule kidole kimoja kimoja kila asubuhi, na jioni imeshajifunga tena.