Samaki wa Mpishi Kwa Papa Barthélemy

Jumamosi, tarehe 12 Machi 1983. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka Bukavu, na ukungu ulifunika ziwa hadi saa tatu.

Katika soko la Kadutu, Cibalonza alisimama mbele ya tilapia, kikwembe chake cha kijani kimelowa pindoni. Alikuwa ametoka kazi ya usiku hospitalini. Nyuma yake sauti ilisema:

"Huyo hapana, chérie. Macho yake imeshakufa. Twaa huyu."

Alikuwa Philémon, kijana aliyekuwa akimchumbia. Miezi mitatu hawakuwa wamesemeshana.

"Karani anajua samaki tangu lini?"

Philémon aliinamisha kichwa. Alikuwa amemwambia kwamba ni karani. Kila Jumamosi alifika kwao na koti la abacost lililopigwa pasi, akiwaletea samaki katika boksi la mgahawa wa Wachina. Halafu, mwezi wa Desemba, Cibalonza alimwona kwenye mlango wa nyuma wa mgahawa huo, akikwangua masahani.

"Ulitulishaka masalio ya watu," alisema. Hakuwa na nguvu hata ya kukasirika.

"Hapana! Nilipikaka mimi mwenyewe. Acha nipike kwenu leo, muone."

Cibalonza alivuta pumzi. "Kuja. Nimechoka kukuchukia."

Nyumbani, Maman Eulalie, mama yake Cibalonza, alileta babula, jiko lake la makaa, akicheka. "Mwanaume ku babula yangu!"

Papa Barthélemy, baba yake, katekista, hakucheka. Alikunja mikono.

Philémon alivua abacost, akabaki na singlendi. Hapo Cibalonza aliona alama za mafuta ya moto mikononi mwake, kutoka kiganja hadi kiwiko. Philémon alimchanja samaki mbavuni, akampaka unga, akamkaanga mzima. Kisha vitunguu, tangawizi, nyanya, siki, na vijiko viwili vya sukari.

"Sukari mu samaki?" Papa Barthélemy aliuliza. "Ni chai ao chakula?"

"Ngoja, papa."

Harufu ilimleta jirani yao, mama Sophie. Walisali, wakala. Cibalonza alitafuna polepole, machozi yakamlenga.

"Ni ladha ile ile," alisema. "Ya Jumamosi zote. Juu ya nini ulinidanganya?"

"Ni juu ya haya, Cibalonza. Watu wanasema mupishi ni boyi tu. Nilitaka papa anione mutu."

Papa Barthélemy aliweka mfupa chini. "Miezi tatu nilisali Mungu anisaidie nikusamehe masalio. Kumbe nilipaswa kukusamehe uongo." Alimgeukia. "Sasa sema kweli, mbele yetu."

Philémon alisimama, unga ukiwa bado mikononi. "Papa, maman, mama Sophie: mimi ni mupishi. Hakuna kitu nitamuficha Cibalonza tena. Pasaka ikipita nitakuja na wazee wangu kumuposa."

"Na wewe, binti?" Papa Barthélemy aliuliza.

Cibalonza aliinuka taratibu, miguu ikimuuma.

"Akija kama mupishi, nitaitika. Munisikie wote."